Kwa nini chai ya Kimulot haina mwaka wala jina

IFIKAPO mwishoni mwa Septemba kila mwaka, wakulima wa majanichai wa Kimulot, katika eneobunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, hutega masikio wakisubiri tangazo moja tu: bonasi. Hayo ndiyo malipo yanayotarajiwa kulipa karo, kuezeka nyumba na kumaliza madeni ya duka. Mwaka 2025, malipo hayo yaliposhuka katika viwanda vingi vya magharibi mwa Bonde la Ufa, manung'uniko yalisikika kutoka Kericho hadi Kisii. Swali lililoulizwa halikuwa jipya. Inakuwaje kilo moja ya majani mabichi iliyochumwa Bomet ilipwe bonasi isiyofikia nusu ya ile ya Kirinyaga au Murang'a, ilhali mche ni ule ule na mchumaji hutokwa na jasho lile lile?

Majibu hayajakosekana. Wanasiasa wamenyooshea kidole usimamizi wa viwanda na mikopo. Maafisa wa serikali nao wamewalaumu wakulima kwa kuchuma majani yaliyokomaa kupita kiasi badala ya majani mawili na chipukizi. Kila upande una chembe ya ukweli. Hata hivyo, lipo jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka, na huonekana wazi zaidi mtu akitazama biashara nyingine ya kilimo iliyo mbali na vilima vya Konoin: biashara ya mvinyo mwekundu wa kale, ule unaonunuliwa na matajiri na kulazwa gizani kwa miongo kadhaa.

Mwaka 1945, shamba la Romanée-Conti katika jimbo la Burgundy, Ufaransa, lilitoa takriban chupa 600 pekee. Mizabibu ilikuwa imezeeka na ikang'olewa baada ya mavuno hayo. Oktoba 2018, chupa moja miongoni mwa hizo iliuzwa kwa dola 558,000 katika mnada wa Sotheby's jijini New York. Shamba lenyewe lina ukubwa wa hekta 1.8 hivi, yaani karibu ekari nne na nusu. Kimulot wapo wakulima wenye ekari kama hizo, na hakuna anayewaita mabwanyenye.

Ni rahisi kuicheka bei hiyo, na pengine ni haki kuicheka. Lakini haikutokea kwa bahati nasibu. Mwaka 1945 baridi kali ya mwezi Mei iliua sehemu kubwa ya machipukizi ya mizabibu nchini Ufaransa, kisha likafuata joto jingi na ukame. Zabibu zilizonusurika zilikuwa chache, ndogo, zenye ngozi nene na ladha nzito. Mwaka 1961 mambo yalikwenda karibu vivyo hivyo katika eneo la Bordeaux. Miaka ambayo wakusanyaji huiheshimu mara nyingi imekuwa miaka ya uhaba, na mkulima aliyepata kidogo ndiye aliyepata kilicho bora. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1935 kuhusu majina ya asili iliyageuza mafunzo hayo kuwa kanuni: anayetaka kuandika jina la eneo fulani kwenye chupa yake hutakiwa kutozidisha kiwango cha mavuno kilichowekwa kwa kila hekta.

Lipo pia suala la kuzeeka. Mvinyo mwingi duniani haukutengenezwa ili ukae. Hunywewa ndani ya miaka michache na ukicheleweshwa huharibika. Ni aina chache tu, zenye tanini na asidi ya kutosha, zinazoweza kulazwa miaka ishirini au hamsini katika ghala lenye giza na ubaridi wa nyuzi 12 au 13 hivi. Hewa kidogo mno hupenya kwenye kizibo, tanini hulainika, na harufu ya matunda hugeuka kuwa kitu kingine. Mnunuzi hulipia mambo matatu kwa pamoja: mahali zabibu zilipoota, mwaka zilipovunwa, na ushahidi kwamba chupa ilitunzwa vyema tangu siku hiyo. Likikosekana moja, bei huporomoka.

Kwa kipimo hicho, chai ya Kimulot imejaaliwa mengi. Eneo hilo limeinuka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kandokando ya msitu wa Mau wa Kusini Magharibi. Lina mvua karibu mwaka mzima, usiku wa baridi na udongo mwekundu wenye asidi ambao mchai huupenda. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, hazikuchagua nyanda hizi kwa kubahatisha. Hata jina la mahali hapo liliingia katika vitabu vyao: mojawapo ya mashamba makubwa yaliyokuwa ya James Finlay liliitwa Kymulot, kwa tahajia ya kizungu ya enzi hizo.

Basi jina hilo hupotelea wapi?

Safari ya jani ni fupi na haina siri. Mchumaji hulichuma asubuhi na kulipeleka katika kituo cha kununulia majani. Karani hutupia macho gunia, huliweka kwenye mizani na kuandika kilo. Hapo gunia la aliyechuma majani mawili na chipukizi humwagwa pamoja na la jirani aliyechuma manne na ukoka juu yake. Lori hupakia kutoka vituo kadhaa. Kiwandani majani hunyaushwa, hukatwakatwa na kusagwa kwa mashine, huachwa yachachuke hadi yageuke rangi ya shaba, kisha hukaushwa na kuchekechwa katika madaraja kama BP1, PF1 na Dust 1. Kila shehena hubandikwa jina la kiwanda, daraja na nambari, na kupelekwa Mombasa.

Hapo Mombasa jina la kiwanda lingali hai. Mnada huo, unaoendeshwa chini ya Chama cha Wafanyabiashara wa Chai wa Afrika Mashariki na ambao ulianzia Nairobi mwaka 1956 kabla ya kuhamia pwani mwaka 1969, una waonjaji wanaoweza kutofautisha chai ya kiwanda kimoja na ya kingine kwa kijiko kimoja. Wanajua wiki ipi kiwanda kilizidiwa na majani na wiki ipi kilifanya kazi kwa utulivu. Kwa maneno mengine, maarifa yale yale ya mahali na wakati yanayomtajirisha mwenye shamba la Burgundy yapo Mombasa, katika vikombe vyeupe vya waonjaji, na hulipiwa kwa tofauti ya senti za dola. Baada ya hapo jina hufa. Sehemu kubwa mno ya chai ya Kenya huuzwa nje ikiwa haijapakiwa kwa ajili ya mtumiaji wa mwisho. Karachi au Uingereza huchanganywa na chai nyingine, pengine za asili thelathini, ili pakiti ya mwezi huu isitofautiane na ya mwezi ujao. Lengo la mchanganyaji ni kuufuta mwaka na kulifuta shamba, na halaumiwi kwa kutenda kazi yake.

Maarifa hayo ya Mombasa hayarudi kwa mkulima kama yalivyo. Hurudi yakiwa wastani. Mkulima aliyechuma vizuri na aliyechuma vibaya hulipwa kiasi kimoja kwa kilo, na bonasi huhesabiwa kwa kilo zile zile. Mizani haionji. Ukimwambia mtu achume majani machache yaliyo bora ilhali malipo yanafuata uzito, unamwomba ajikopeshe hasara kwa manufaa ya jirani ambaye hatafanya hivyo. Mahubiri ya majani mawili na chipukizi yamehubiriwa kwa miongo mingi, na yataendelea kuhubiriwa. Tatizo si masikio ya wakulima.

Mchumaji naye asisahaulike. Katika mashamba mengi madogo si mwenye shamba anayechuma bali kibarua, ambaye hulipwa kwa kilo. Kila jani la tatu na la nne linaloingia kapuni ni chakula chake cha jioni. Katika mashamba makubwa, mashine za kuchuma zilizoingizwa ili kupunguza gharama zimezua uhasama hadi baadhi yazo kuteketezwa na waandamanaji Kericho mnamo Mei 2023. Mashine nayo hukata kila kilichofikia kimo chake, laini na kigumu kwa pamoja.

Upande wa mashariki wa Bonde la Ufa, mashamba kwa kawaida ni madogo zaidi, na familia nyingi huchuma zenyewe. Udongo wa miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare pia una sehemu yake. Magharibi kuna jambo la ziada: viwanda vya kibinafsi ni vingi na mawakala wanaozunguka na malori kununua majani papo hapo kwa pesa taslimu hawaulizi mengi. Kiwanda kinachokataa gunia lenye majani magumu leo hujua kwamba kesho gunia hilo, pamoja na mengine mazuri, litapanda lori la mshindani. Karani akikaza, hupoteza majani. Akilegeza, hupoteza bei. Wengi hulegeza.

Kisha likaja suala la bei ya chini kabisa. Mnamo Julai 2021, serikali ilipokuwa ikitekeleza mageuzi yaliyofuata Sheria ya Chai ya mwaka 2020, chai ya viwanda vinavyosimamiwa na shirika la KTDA iliwekewa bei ambayo haikuruhusiwa kuuzwa chini yake mnadani: dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa njema na mwanzoni wakulima waliona nafuu. Lakini bei hiyo moja ilikuwa na kasoro ambayo muuza mvinyo yeyote angeitambua mara moja. Chai hafifu ilipolazimishwa kusimama kwa bei ya chai bora, mnunuzi hakuwa na sababu ya kuigusa. Alinunua iliyo bora, au akanunua ya Rwanda, na nyingine ikabaki. Shehena zikarundikana katika maghala ya Mombasa, nyingi zikiwa za magharibi mwa Bonde la Ufa.

Hapo ndipo tofauti kati ya chupa na gunia ilipodhihirika kikatili. Mvinyo bora ukikosa mnunuzi unaweza kusubiri. Huenda hata ukaongezeka thamani. Chai nyeusi ya aina inayotengenezwa Kenya haisubiri. Sifa yake ni uchangamfu kinywani na rangi ya dhahabu kikombeni, na vyote hivyo hufifia. Chai hufyonza unyevu na harufu, na Mombasa ina joto na unyevu wa kutosha kuiharibu. Wanunuzi walipopata mlango wa kurudi, walirudi kama wanunuzi wa mali iliyochakaa. Bei hiyo ya chini hatimaye iliondolewa, nazo chai za kale zikauzwa kwa bei za kusikitisha huku zikishusha wastani wa chai mpya iliyokuwa ikiwasili. Mkulima wa Konoin aliyepokea bonasi ndogo alikuwa kwa sehemu akilipia majani aliyoyachuma miaka miwili nyuma.

Si kila chai hufa kwa uzee. Katika mkoa wa Yunnan nchini China hutengenezwa chai iitwayo pu'er, ambayo hushindiliwa kama mkate wa duara, mara nyingi wa gramu 357, na kuendelea kubadilika polepole kwa nguvu za vijidudu. Matajiri wa Hong Kong, Taiwan na Guangdong huikusanya kwa mwaka na kwa mlima, kama Wazungu wakusanyavyo mvinyo. Mwaka 2007 bei zake zilipaa hadi watu wakawa wananunua bila kukusudia kunywa, kisha zikaporomoka katika mwaka huo huo na kuwaacha wengi na maghala yaliyojaa. Mwaka uliofuata China iliweka masharti ya jina hilo: pu'er iwe ya Yunnan, na ya aina maalumu ya mchai wenye majani makubwa. Wahindi nao walilisajili jina la Darjeeling katika mwaka wa fedha wa 2004-05, likiwa la kwanza kulindwa kisheria nchini humo kwa misingi ya mahali. Mashamba ya Darjeeling ni 87 tu, na mnunuzi huuliza si shamba pekee bali chumo: la kwanza baada ya majira ya baridi, la pili, au la vuli.

Hapa pana pingamizi la haki. Kimulot haina majira ya baridi yanayoulaza mchai. Majani huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili, mwaka mzima. Dodoma, Tanzania, wakulima wa zabibu wanalijua tatizo hilo: katika tropiki mzabibu haulali, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kuandika mwaka kwenye chupa hupoteza sehemu ya maana yake. Hata hivyo, kila mwonjaji wa Mombasa anajua kwamba chai ya Kenya haifanani mwaka mzima. Katika miezi mikavu ya Januari na Februari, na tena katika baridi ya Juni na Julai, mchai hukua polepole na jani huwa na ladha nzito. Mvua za Aprili na Mei zikifululiza, majani hufurika, viwanda huzidiwa, na ubora hushuka. Kimulot haina mwaka, lakini ina misimu. Ni kwamba tu hakuna anayeiandika kwenye pakiti.

Jaribio la kutoka katika mkumbo huo limewahi kufanyika karibu na nyumbani. Mwaka 2011, baada ya utafiti wa takriban robo karne, taasisi ya utafiti wa chai iliyoko Kericho ilitoa aina ya mchai wenye majani ya zambarau, iliyopewa nambari TRFK 306. Rangi hiyo hutokana na anthosianini, viambato vya jamii ile ile inayoufanya mvinyo mwekundu uwe mwekundu. Wakulima waliambiwa kwamba bei ingekuwa maradufu ya ile ya kawaida au zaidi. Baadhi walipanda. Wengi wao wakakuta kwamba kiwanda kilicho karibu hakikuwa na mtambo wa kuitengeneza kando, na kwamba gunia la zambarau likifika kituoni hupimwa na kulipwa kama jingine lolote. Mche ulikuwa mpya; mizani ilikuwa ile ile. Wapo waliong'oa.

Isidhaniwe kwamba jina pekee ni dawa. Bordeaux ndilo jina maarufu kuliko yote katika mvinyo mwekundu, na madaraja yake ya mwaka 1855 yanatajwa hadi leo. Lakini mwaka 2023 serikali ya Ufaransa na wadau wake walitenga euro milioni 57 kuwalipa wakulima wa eneo hilo hilo wang'oe takriban hekta 9,500 za mizabibu, kwa kuwa mvinyo wao wa kawaida haukuwa na wanunuzi. Majumba machache yenye sifa yaliendelea kuuza kwa maelfu. Majirani zao walikuwa wakiwasha moto mashina. Umaarufu pia huvuta walaghai. Rudy Kurniawan, aliyechanganya mvinyo wa bei nafuu jikoni kwake California na kuubandika lebo za miaka mashuhuri, alipatikana na hatia mwaka 2013 na kufungwa miaka kumi. Waliodanganywa walikuwa mabingwa wa kuonja.

Kwa hivyo hakuna anayeweza kumwahidi mkulima wa Kimulot kwamba chai yake itawekwa katika maghala ya mabilionea. Sehemu kubwa ya majani yake itaendelea kuwa chai ya kawaida ya watu wa kawaida wa Pakistan na Misri, na hilo si aibu. Kinachowezekana ni kidogo zaidi na kigumu zaidi. Kiwanda kinaweza kutenga mstari mmoja kwa majani yaliyochumwa kwa uangalifu katika miezi ya ukavu na baridi, kuyatengeneza bila kuyasaga, na kuyauza kwa jina la mahali na msimu. Viwanda vidogo vya kibinafsi katika nyanda za chai vimekuwa vikifanya hivyo kwa kiasi kidogo. Lakini hatua hiyo haina maana iwapo kituoni hakutakuwa na bei mbili: moja ya jani laini na moja ya jani lolote.

Bei mbili zina gharama zake. Zinahitaji makarani waliofunzwa na wasiohongeka, kwani karani mwenye uwezo wa kuamua kwamba gunia la fulani ni bora ana uwezo pia wa kuuza uamuzi huo. Wakulima walioshuku mahesabu ya viwanda kwa miaka mingi hawana sababu ya kumwamini mara moja. Zinahitaji pia kibarua alipwe zaidi kwa kilo chache, la sivyo ataendelea kujaza kapu kwa chochote. Na zinahitaji wakurugenzi wa kiwanda, ambao huchaguliwa na wakulima hao hao, wawe na ujasiri wa kumwambia mpiga kura wao kwamba majani yake ni ya daraja la pili.

Mkurugenzi gani yuko tayari kusema hivyo kabla ya uchaguzi wa kiwanda ndilo swali ambalo halijajibiwa Konoin. Kwa sasa bei ni moja, mawakala wangali wanazunguka na malori, na mvua zikifululiza majani hufika vituoni kwa wingi kuliko viwanda vinavyoweza kuyasaga kwa siku.